Robo Ekari

Oktoba, hundi zinapotoka, simu ya ofisi hailali.
Kaunti yetu hii ya Dakota Kusini
ina watu wachache kuliko mnada wa Makambako,
lakini kila mmoja anajua jirani kapata ngapi
na kila mmoja anaapa hajui.

Mimi ndiye wa dirisha la pili.
Nagonga mihuri. Napanga mafaili kwa namba za mashamba,
si kwa majina, maana majina hufa
na mashamba hubaki yakidai.

LaVonne, aliyenifundisha kazi, alinieleza siku ya kwanza:
hawa wanalipwa kwa kuwa mahindi yamezidi, bei imeanguka;
hawa, mvua ya mawe iliwapitia;
na hawa (akashusha sauti kama anayetoa siri ya ndoa)
hawa wanalipwa wasilime.
Wasilime?
Nyasi zikue, akasema. Bata wapate pa kutagia.
Nikacheka mpaka nikatafuta kiti.
Nimekulia Njombe, ambako shamba lenye nyasi ni aibu ya ukoo,
jirani hupita akiuliza nani anaumwa.

Kwetu neno hili, ruzuku, lilikuja na vocha ya mbolea.
Mama aliifunga kwenye pindo la kanga,
akatembea hadi kwa wakala, akakuta mbolea imekwisha,
vocha ipo.
Akarudi nayo. Nadhani ipo hadi leo ndani ya Biblia,
imeshika ukurasa wa Ruthu anayeokota masazo.

Ruzuku na riziki, tumbo moja.
Ila riziki ikija haikuulizi sahihi ya shahidi.
Ruzuku ina kurasa kumi na nne.

Leo ameingia Verlyn Tschetter, buti zimejaa tope,
ametandaza mbele yangu picha ya shamba lake,
ile ya setilaiti, yenye mistari ya njano.
"Mmenizidishia," anasema.
Kidole chake kinene kimefunika kona yote ya kaskazini.
"Hapa. Robo ekari. Hapa silimi."
Pana nini hapo?
"Palikuwa na ghala la baba. Liliungua.
Misumari imejaa ardhini. Trekta inaogopa."
Anakuna kidevu.
"Na mimi."

Napiga hesabu.
Robo ekari, kwa mwaka: dola tisa na senti kumi.
Kuirekebisha: fomu tatu, mpimaji kutoka mji mkuu wa jimbo,
petroli yake, posho yake, chakula chake cha mchana.
Namwambia: bwana Tschetter, ukweli wako
utaigharimu serikali kuliko uongo wake.
"Hayo ni ya serikali," anasema.
"Mimi sitaki kulipwa kwa misumari."

Nyuma yangu, kabati la chuma, droo ya chini,
lipo faili la kampuni yenye ekari elfu kumi na moja
na anwani ya ghorofa ya ishirini na sita, Minneapolis.
Buti zake sijawahi kuziona.
Fedha zake hazipiti dirishani kwangu,
huingia benki zenyewe, usiku, kimya,
kama mtu anayejua nyumba.
Miaka sita, haijapiga simu hata mara moja
kusema imezidishiwa.

LaVonne ananikonyeza: mpotezee, atasahau.
Lakini Verlyn amekwisha vuta kiti.
Soya yake iko shambani inangoja, theluji iko njiani,
na yeye amekaa,
kofia juu ya goti, kama mtu kwa daktari wa meno.

Natoa fomu ya kwanza.
Jina. Namba ya shamba. Eneo linalopunguzwa.
Penye *sababu* wameacha mstari mmoja tu.
Naandika: misumari.
Nasita.
Naongeza: na mwenye shamba.

Nagonga muhuri. Wino umekauka.
Nagonga tena.